Dobi Haoni

Mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa sababu ya ile pasi ya mkaa isiyomtoka mkononi, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kunyooka: haongei sana, hagombani, akikwambia njoo Alhamisi basi Alhamisi utazikuta nguo zako zimekunjwa zinakungoja. Kibanda chake cha udobi kilikuwa mwisho wa barabara ya shule. Mbele chumba kimoja, nyuma ua, na uani kamba saba za kuanikia. Zikijaa mashuka asubuhi ungedhani mtaa umeanika siri zake zote juani. Thubutu! Siri zilishabaki kwenye maji machafu, na maji machafu yalishamwagwa mtaroni.

Maana Pasi alikuwa na sheria moja ya kazi, aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kufua: dobi haoni. Si kwamba hana macho. Asipoliona doa atalitoaje? Lakini akishalitoa, halikuwepo. Shati la mume wa mtu likija na rangi ya mdomo kwenye kola, dobi haoni. Shuka la kijana mzima mwenye ndevu likija limechorwa ramani, dobi haoni. Leso ya mzee anayejigamba kwamba hajawahi kuumwa ikija na damu, dobi anaichemsha peke yake, anaianika peke yake, anaikunja, na haoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina mdomo. Kwa sheria hiyo watu walimletea nguo hata kutoka mbali, wakipita njiani madobi wengine watatu.

Aliyeteswa na sheria hiyo ni mkewe. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kutia viraka nguo zilizochanika, amekaa kwenye stuli mlangoni, na umbea ulimpita puani kila siku bila yeye kuuonja.

"Baba Kifungo, hebu niambie tu, mimi si mtu wa kusema. Kola ya huyu dereva ina nini?"

"Ina shingo ya dereva."

"Nenda zako huko!"

Kifungo alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee, miaka saba, yupo darasa la kwanza. Jina hilo alilipata kwa ajili ya bati lake la maziwa ya unga lililojaa vifungo vilivyodondoka kwenye nguo za watu na wenyewe wasivitafute: vya koti, vya gauni, vya dhahabu bandia, kimoja cha umbo la samaki. Alivijua vyote kimoja kimoja. Na alikuwa na kazi yake pale dukani. Macho ya mama yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo mwenye kutia uzi kwenye sindano ni Kifungo. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akabana midomo, akasukuma mara moja, uzi ukapita. Mara moja tu. Wateja wengine walisimama makusudi wamtazame, naye akijua anatazamwa anafanya kama hajui, mtoto wa kike mwenye maringo yake.

Shuleni mwalimu wake aliitwa Mwalimu Kucha. Wanafunzi wa miaka yote walimwita hivyo, wengine sasa ni wazazi, na wakipishana naye barabarani bado wanakunja vidole. Huyu hakuwa mwalimu wa mchezo. Kabla hajaandika herufi ubaoni, watoto wake thelathini na wanane walipanga mstari mbele ya ndoo yenye bomba aliyoileta kutoka nyumbani kwake, sabuni imening'inizwa kwenye neti ili isianguke mchangani, na kila mmoja alinawa uso na mikono maji yakitiririka. Beseni alikataa. Alisema beseni ni supu ya uchafu. Ukimsikia mtu anasema mwalimu yule hakujua alichofundisha, mwambie aende akapumzike. Alikijua, alikipenda, na watoto wa darasa lake walikuwa hawaharishi ovyo kama wa madarasa mengine.

Ila kulikuwa na taulo.

Taulo lenyewe lilikuwa jeupe, pana, zito, na pembeni marehemu mama yake alilidarizi kwa uzi mwekundu: Usafi ni utu. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa darasa. Watoto hawakuruhusiwa kulishusha. Walipotoka kunawa walitumbukiza uso na mikono ndani ya mikunjo yake, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kujifuta alikuwa mwalimu mwenyewe, kuonyesha kwamba pale hakuna mkubwa wala mdogo. Halafu anasimama mbele ya darasa.

"Mikono mbele! Kucha?"

"Safi!"

"Geuza! Viganja?"

"Safi, Mwalimu!"

Kila Ijumaa taulo lilikunjwa, likaletwa kwa Pasi, na kila Jumatatu asubuhi likarudi shuleni linanukia jua. Aliyelibeba kwenda na kurudi ni Kifungo. Mwalimu Kucha alimpa cheo: askari wa taulo. Alisimama pale msumarini, akaangalia asiyenawa vizuri asiguse, akalinyoosha kila mtu akipita. Mtoto wa dobi, na cheo kama hicho, unafikiri alilala usiku ule?

Sasa tusikilizane. Ijumaa ya pili ya muhula Pasi alilikunjua taulo kwenye karai akaona. Kwenye mkunjo wa chini, kimo cha mtoto, palikuwa na gamba la njano limegandia kwenye nyuzi. Alilikwangua kwa ukucha. Tongotongo. Na si la usingizi, lile jeupe dogo la kila mtu. Hili lilikuwa la jicho linaloumwa.

Akalichemsha taulo. Akalifua, akalianika, akalikunja. Dobi haoni.

Ijumaa ya tatu magamba yalikuwa matano au sita. Ijumaa ya nne hakuhesabu. Alilichemsha mara mbili, akalisugua mpaka vidole vikachubuka, na weupe uliporudi alijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa fadhila bila kutajwa. Alifikiri kumwambia mwalimu. Akafikiri tena: aende kwa Mwalimu Kucha, mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa kunawa, amwambie nini? Kwamba darasa lake lina matongo? Hayo si maneno ya dobi. Doa la mtu ni la mtu.

Na siku hizo hizo jicho la kulia la Kifungo lilikuwa jekundu. Mama yake aliuliza, na Pasi akajibu haraka kuliko ilivyostahili.

"Moshi wa pasi huo. Akae mbali na mkaa."

Kifungo naye hakulalamika. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa akiamka mapema, anachota maji kwenye kopo, anabandua jicho lililogandana kope kwa kope, anasubiri liache kuchuruzika ndipo atoke chumbani. Aliogopa kunyang'anywa cheo. Baba anaficha, mtoto anaficha, kila mmoja kwa heshima yake. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa tushukuru kwamba kilichokuja hakikuwa kifo.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, Kifungo alirudi nyumbani peke yake na mkoba mgongoni. Taulo alikuwa amelipeleka, yeye karudishwa. Pasi alikuwa ananyoosha suruali.

"Mbona umerudi?"

Mtoto alisimama kizingitini, mkono mmoja umefunika jicho.

"Mwalimu kasema macho yangu machafu."

"Kasema hivyo?"

"Kasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Mbele ya wote. Wakacheka. Baba, mimi naoga kila siku."

Pasi aliiweka pasi chini. Aliiweka juu ya suruali ya mtu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliunguza nguo. Hakusikia hata harufu. Alimtoa mtoto mkono usoni. Kope zilikuwa zimevimba, na katikati ya weusi wa jicho palikuwa na nukta nyeupe, ndogo, kama punje ya chumvi.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi, mwanamume mnene mwenye mikono myepesi, alimkalisha Kifungo karibu na dirisha, akapindua kope, akatazama muda mrefu. Mama yake alikuwa amemshika mabega. Pasi alisimama ukutani na kofia mkononi.

"Hili jicho lina siku ngapi?"

"Wiki mbili," alisema mama.

"Tatu," alisema Kifungo kwa sauti ndogo.

Muuguzi akaketi. "Kioo cha mbele cha jicho kimepata kidonda, juu ya mboni kabisa. Dawa itakikausha, na jicho la pili tutaliwahi. Lakini hili kovu litabaki. Atakuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye ukungu." Alimgeukia Pasi. "Mngekuja mapema kidogo tu, lingekuwa jambo la dawa ya kupaka na kulala. Shuleni kwao kuna wengine wanaoumwa macho?"

"Sijui," alisema Pasi.

Neno lilitoka lenyewe. Miaka ishirini ya kazi ndiyo iliyojibu. Walitoka nje, mkewe akiwa amembeba Kifungo mgongoni kama alivyombeba alipokuwa mchanga, analia bila sauti, na miguu mirefu ya mtoto inaning'inia. Pasi aliwatazama wakitangulia. Aliona ile miguu, na viatu vyake alivyovipiga kiwi yeye mwenyewe jana yake. Akageuka akarudi ndani.

"Wapo," alimwambia muuguzi. "Wapo wengi. Wanatumia taulo moja."

Muuguzi hakumuuliza ameyajuaje. Alisema Ijumaa atafika shuleni na dawa za kila mtoto, kabla ya hapo hana za kutosha. "Lakini lile taulo liondolewe leo, sio kesho. Kila siku linapokaa pale linatafuta jicho jingine."

Pasi alikwenda shuleni moja kwa moja. Watoto walikuwa mapumzikoni, Mwalimu Kucha yuko peke yake darasani anasahihisha madaftari. Taulo lilikuwa msumarini.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Baba Kifungo. Mtoto amepelekwa hospitali? Vizuri. Usinifikirie vibaya, nina wengine thelathini na saba wa kulinda."

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya hao." Alitafuta maneno. Hakuwa na mazoea nayo. "Ugonjwa uko kwenye taulo. Mmoja anajifuta, anauacha, mwenzake anauchukua. Binti yangu hakuuleta. Kaupatia hapa."

Mwalimu aliweka kalamu mezani taratibu. Alikuwa mwanamke wa kujiheshimu, nywele zake zimebanwa, kola yake imepigwa pasi na huyu huyu aliyesimama mbele yake.

"Taulo hili linafuliwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwenye karai gani?"

Pasi akaanza kueleza jinsi anavyolichemsha, mwalimu akamkata.

"Nitakujibu mimi. Kwenye karai lile lile zinamofuliwa nguo za wagonjwa wa mtaa mzima. Kama taulo lina ugonjwa, Baba Kifungo, umetoka kwako. Na mtoto wako ndiye wa kwanza kuvimba macho. Hesabu mwenyewe." Pasi, anayesoma watu kwa nguo zao, aliona kwamba mwalimu amekunja mikono ya blauzi mara tatu bila sababu. Mwalimu alikuwa anaogopa. "Mimi nimefundisha usafi miaka ishirini na sita. Taulo hili ni la mama yangu. Usije ukaniambia mimi ndiye ninayewapofusha watoto."

Maneno ya darasani hayana mlango. Kufikia jioni yalishafika kibandani. Walikuja wateja watatu kuchukua nguo zao zikiwa bado chafu, mmoja akisema eti ana safari, mwingine akizihesabu mlangoni, wa tatu ni yule mzee wa leso. Mzee huyo alimtazama Pasi machoni kwa aibu, akachukua fungu lake, akaondoka. Mkewe alitaka kumfuata amweleze. Pasi akamshika mkono.

"Muache. Leo tatizo si nguo."

Kutwa nzima ile alikuwa akijiuliza swali moja. Mtu aliyejua kila doa linavyohama, kutoka nguo nyekundu kwenda nyeupe, kutoka soksi kwenda shuka, atamwonyeshaje mtu doa lisiloonekana? Jibu lilikuwa rafuni, mahali ambapo limekaa miaka yote, kwenye kopo la buluu. Ile buluu ya unga, anayoitia kidogo kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zirudi weupe wake. Ukiishika kwa mkono mkavu haiachi hata alama. Ikikutana na maji, utakoma.

Jumanne asubuhi alikuwa shuleni kabla ya kengele. Amevaa shati lake jeupe. Mfukoni mwa suruali alikuwa na buluu, kiasi cha kijiko, kwenye karatasi iliyofunguliwa.

"Mwalimu, umesema mimi ndiye mchafu. Sibishi. Naomba unifundishe kunawa, mbele ya watoto, kama unavyowafundisha wao. Halafu nao wafuate. Leo iwe mikono tu, macho yao tuyaache."

Mwalimu alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Lakini mwalimu wa kweli hawezi kumkatalia mtu anayeomba kufundishwa, na huyu alikuwa mwalimu wa kweli.

"Panga mstari," alisema.

Watoto walicheka sana kumwona baba mzima kasimama mbele yao kwenye mstari. Aliinamia ndoo. Mwalimu alimwelekeza: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, gumba, chini ya kucha. Alinawa sawasawa. Kisha, akielekea kwenye taulo, mkono wake wenye maji uliingia mfukoni ukatoka. Alikuwa mtu asiyewahi kuiba hata kibanio cha nguo, na moyo ulimpiga kama mwizi. Alitumbukiza mikono ndani ya mikunjo ya taulo, kule ndani kusikoonekana, akafuta huku na huku, akakaa pembeni. Pale msumarini hapakuwa na askari.

Walipita. Wengi wao macho yalikuwa mekundu, sasa aliyeangalia aliona; wengine walikuwa wanayasugua hata wakiwa kwenye mstari. Walinawa vizuri, Mungu awabariki, bora kuliko yeye, wakatumbukiza mikono kwenye taulo, wakakimbilia madawati wakiwa wamekunja ngumi kwa baridi ya maji. Wa mwisho, kama kawaida, alikuwa mwalimu.

Akasimama mbele.

"Mikono mbele! Kucha?"

"Safi!"

"Geuza! Viganja?"

Kisha mtoto mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, maana viganja vilikuwa buluu. Vya walioanza vilikuwa buluu ya wino. Vya katikati vilipauka. Vya mwisho vilikuwa na mstari mwembamba tu kwenye mikunjo ya kiganja, lakini ulikuwepo, kwa kila mtoto aliyekuja siku ile.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza mwalimu.

Vidole vyote vilimwelekea Pasi. Isipokuwa kimoja, cha msichana wa dawati la mbele mwenye kope zilizogandana.

"Si yeye, Mwalimu. Yeye hajatushika. Ni taulo."

Mwalimu Kucha aligeuza mikono yake mwenyewe. Aliitazama. Watoto waliendelea kucheka mpaka walipoona uso wake, wakaacha mmoja mmoja. Alikwenda nyuma ya mlango, akalishusha taulo msumarini, akalikunjua, na ndani yake, chini ya maandishi ya mama yake, pakawa na doa kubwa la buluu lililosambaa.

"Buluu inatoka," alisema Pasi kwa upole. "Ugonjwa nao unahama hivi hivi, ila hauonekani."

Mwalimu alikaa kwenye kiti. Kisha akainuka tena, maana kuna mambo hayasemwi mtu akiwa amekaa.

"Wanangu," alisema, "jana nilimfukuza mwenzenu. Nikamwita samaki aliyeoza, mkacheka kwa sababu mimi nilianza. Yeye hakuwa mchafu. Aliumwa, na ugonjwa niliutundika mimi hapa nyuma ya mlango, nikawaambia mjifute. Kunawa nimewafundisha vizuri. Kujifuta nimewafundisha vibaya."

Pasi angeweza kunyamaza hapo. Alishashinda. Wateja wangerudi, na hakuna ambaye angejua zaidi. Alisimama na kofia yake.

"Na mimi niliona," alisema. "Kila Ijumaa. Matongo yalikuwa yamegandia kwenye nyuzi. Niliyaona tangu wiki ya pili, nikayafua."

"Uliona?" Mwalimu alimgeukia. "Na hukuniambia?"

"Dobi haoni, Mwalimu. Ndivyo nilivyofundishwa."

Mwalimu alimtazama, viganja vyake vya buluu vimeshikilia taulo. Hakuwa na hasira tena, na Pasi angependa awe nayo.

"Kumbe vipofu tulikuwa wawili," alisema.

Ijumaa muuguzi alifika kama alivyoahidi. Watoto ishirini na mmoja walikuwa wanaumwa. Wote waliwahiwa, hakuna mwingine aliyepata kidonda. Hilo liandikwe, kwa sababu ndilo jema lililokuwemo.

Nyumbani Pasi alimweleza Kifungo mwenyewe. Mkewe alimwambia hakuna haja, mtoto mdogo huyo, ataelewa nini. Alimweleza hivyo hivyo, amechuchumaa mbele yake, bila kuzunguka. Kwamba alijua. Kwamba alifua akanyamaza. Kifungo alimsikiliza, jicho moja limefungwa bandeji.

"Hata mimi hukuniona, Baba?"

Kuna maswali mtu anayajibu mpaka anazeeka. Pasi alisema, "Nilikuona." Ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa mbaya kuliko kutomwona.

Rafuni kulikuwa na mashuka matatu meupe ambayo wenyewe walihama bila kuja kuyachukua. Jumamosi mchana Pasi aliyachemsha, na yalipokauka akayakata vipande thelathini na vinane, kila kimoja saizi ya kufuta uso wa mtoto. Mwalimu Kucha alikuja na misumari thelathini na minane kwenye mfuko wa karatasi. Alipomwona Kifungo alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, akamwomba msamaha kama unavyomwomba mtu mzima, na Kifungo, kwa kutojua afanye nini na mwalimu aliyepiga magoti, akamwambia, "Inuka Mwalimu, utachafuka."

Kikabaki kitu kimoja. Watoto wa darasa la kwanza hawajui kusoma majina yao, wengine wanajua herufi ya kwanza tu. Kila mmoja atatambuaje kitambaa chake? Kifungo ndiye aliyesema. Aliingia ndani, akarudi na bati lake la maziwa, akalimwaga lote juu ya meza ya kunyooshea. Hapakuwa na vifungo viwili vilivyofanana. Alianza kugawa: hiki cha koti cha yule mrefu, hiki cha dhahabu cha yule anayepiga kelele, hiki cha msichana wa dawati la mbele. Cha umbo la samaki alikishika muda mrefu. Akakiweka kwenye kitambaa chake mwenyewe.

"Kesho kutwa nitasimama msumarini?" aliuliza.

"Misumari yote thelathini na minane ni yako," alisema mwalimu. "Askari ni wewe."

Mama akachukua sindano ya kwanza, na kwa mazoea, bila kufikiri, akamnyooshea Kifungo pamoja na uzi.

Bandeji ilikuwa imetolewa asubuhi ile. Kifungo alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi. Akabana midomo. Akasukuma. Uzi ukapita pembeni ya sindano, mbali, kama vile tundu lilikuwa mahali pengine. Alisukuma tena. Alifunga jicho moja, akafungua, akafunga la pili, akasogeza sindano karibu na pua. Mama aliangalia pembeni. Mwalimu aliinamia vifungo. Mara ya nne, mara ya tano. Hakulia. Alikunja kipaji kama mtu aliyekuta mlango anaoujua umebadilishwa kufuli.

Halafu akanyoosha mkono, sindano na uzi, kwa baba yake.

"Nitilie wewe, Baba," alisema. "Wewe unaona."

Pasi akaipokea. Alijaribu kwa macho yake mazima, na uzi ulikosa tundu mara tatu.